Ni pigano gani lililomaliza vita?

Mazungumzo na familia zilizohama makwao pamoja na viongozi wao, Kitshanga

Tunawashukuru walioacha kazi za shamba, na wale waliotembea kutoka mbali ili tuketi pamoja. Tunajua kwamba si wote waliofika hapa wamekula asubuhi. Kwa hiyo hatutapoteza wakati wenu.

Tumekuja kuzungumza juu ya neno moja tu. Neno hilo ni "mwisho". Katika vilima vya Masisi, Walikale na Rutshuru tumelisikia neno hili kila mara kabla ya bunduki kulia. "Hili ni pigano la mwisho." "Tukikamata mlima ule, mambo yamekwisha." "Toeni vijana mara hii tu, halafu mtarudi nyumbani." Familia zinaamini kwa sababu zimechoka. Vijana wanakwenda. Mlima unakamatwa. Na baada ya miezi michache familia zilezile zinakunja tena shitingi na kujitwika mizigo.

Leo tunataka kuuliza pamoja nanyi: ni pigano gani lililowahi kumaliza vita hapa kwetu? Na kama hakuna, ni kitu gani kinachokata maneno?

Hatukuja kusema nani alikuwa na haki na nani alikosa. Katika mkutano huu wamo watu waliopoteza jamaa zao kwa bunduki za kila upande. Tutataja mahali, miaka na majina ya vikundi kama yanavyojulikana na wote, ili tujifunze, si ili tushitakiane.

Tuanze mbali

Tuanze na vita ambavyo hakuna mtu hapa aliyepoteza ndugu ndani yake. Hivyo tutaweza kutazama bila hasira.

Zaidi ya miaka 300 iliyopita, Urusi na Uswidi, nchi mbili za kaskazini mwa Ulaya, zilipigana kwa miaka 21, tangu 1700 hadi 1721. Nchi nyingine za jirani ziliingia pia. Waligombania nani atatawala pwani ya bahari ya Baltiki na bandari zake.

Pigano kubwa la kwanza kati ya hao wawili lilikuwa Narva, katika Estonia ya leo, mwaka 1700. Jeshi dogo la Karl XII, mfalme wa Uswidi, lilivunja jeshi la Urusi lililolizidi mara kadhaa. Wengi wakaona Urusi imekwisha. Karl akageukia upande wa Polandi, naye Peter, mfalme wa Urusi, akapata miaka ya kujenga jeshi jipya. Mwaka 1709, huko Poltava katika Ukraine ya leo, mambo yakageuka. Safari hii jeshi la Uswidi ndilo lililovunjwa, na Karl akakimbilia katika milki ya Waturuki. Hadi leo vitabu vingi vya historia vinaliita Poltava pigano lililokata maneno.

Lakini tufanye hesabu. Poltava ni 1709. Amani ilitiwa sahihi 1721. Katikati kuna miaka 12. Katika miaka hiyo jeshi la Urusi liliikalia nchi ya Ufini, watu wengi wakavuka bahari kukimbilia Uswidi, na mwaka 1719 miji na vijiji vya pwani ya Uswidi vikachomwa moto. Wakulima na wavuvi ambao hawakuwahi kuiona Poltava ndio waliolipa.

Kilichofunga vita hivyo ni mkataba uliowekwa Nystad, mji mdogo wa Ufini. Na ndani yake kuna jambo la kuangalia sana. Urusi, iliyoshinda, ilichukua majimbo ya pwani. Lakini ilirudisha sehemu kubwa ya Ufini, na tena ikakubali kuilipa Uswidi fedha, thaler milioni 2. Mshindi alimlipa aliyeshindwa! Sisi tunaona hivi: mshindi anayetaka kulala usingizi humwachia jirani yake kitu cha kuishi nacho.

Hata hivyo kinyongo hakikwisha. Uswidi ilijaribu tena kwa silaha mwaka 1741, ikashindwa. Ikajaribu tena 1788. Mwaka 1808 Urusi ndiyo iliyoanza, na mwaka 1809 Uswidi ikapoteza Ufini yote. Tangu hapo nchi hizo mbili hazijapigana tena vita. Kutoka Narva hadi 1809 ni zaidi ya miaka 100, na ndani yake "mwisho" ulitangazwa mara nyingi.

Wazee wetu wanalikumbuka jina la Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Yeye alikuwa mtu wa Uswidi hiyohiyo. Alikufa Septemba 1961 karibu na Ndola, ndege yake ilipoanguka akiwa njiani kutafuta kusimamishwa kwa mapigano ya Katanga. Nchi iliyokuwa ikitafuta pigano la mwisho ilikuja kumtoa mtoto wake aliyekufa akitafuta amani ya Kongo. Kwa hiyo watu wanaweza kubadilika. Lakini hawakubadilishwa na Poltava peke yake.

Turudi kwenye vilima vyetu

Kitshanga iko kwenye njia panda. Njia moja inashuka Sake na Goma. Nyingine inakwenda Mweso na Pinga, kuelekea Walikale. Nyingine inapitia Tongo kuelekea Rutshuru. Ndiyo sababu kila mkubwa wa jeshi anaitaka, na ndiyo sababu ninyi mmekimbia mara nyingi kuliko watu wengine.

Tukumbuke machache.

Novemba 2006, Sake. CNDP walisukuma kuelekea Goma, na helikopta za MONUC zikawazuia. Wengi wakasema: wamevunjika, imekwisha. Miezi michache baadaye wapiganaji walichanganywa na jeshi la serikali katika brigedi mpya, na kabla ya mwaka 2007 kumalizika mchanganyiko huo ulikuwa umeharibika.

Desemba 2007, Mushake. Jeshi la serikali lilipanda na maelfu ya askari na silaha nzito, likaukamata mji. Redio zikatangaza ushindi. Siku chache baadaye CNDP waliuchukua tena. Hiyo ilikuwa Narva yetu: wengi walishindwa na wachache, na kila upande ukatoka na somo lake. Mmoja ulisema, "Hatuwezi kushindwa." Mwingine ulisema, "Tutafute silaha zaidi." Na watu wa Mushake, Karuba na Kilolirwe walikuwa njiani.

Oktoba 2008, CNDP walifika kwenye milango ya Goma na kusimama hapo. Siku chache baadaye, tarehe 4 na 5 Novemba, watu wasiopungua 150 waliuawa Kiwanja. Goma iliponea, Kiwanja ikazika. Januari 2009 Laurent Nkunda alikamatwa Rwanda, na tarehe 23 Machi 2009 mapatano yalitiwa sahihi. Watu walishangilia, na wengine walirudi mashambani. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2012, askari waliasi, na kikundi chao kikachukua jina la tarehe hiyohiyo: M23. Novemba 20 waliingia Goma. Desemba 1 walitoka. Siku 11.

Halafu ikaja mwaka 2013, ambao hapa hakuna asiyeukumbuka. Tarehe 24 Februari, huko Addis Ababa, nchi 11 zilitia sahihi mkataba wa amani na usalama kwa ajili ya Kongo. Tarehe 27 Februari, siku tatu baadaye, Kitshanga iliwaka moto. Waliopigana hapa walikuwa wanajeshi wa serikali na APCLS. M23, ambao dunia nzima ilikuwa ikiwazungumza, hawakuwemo. Nyumba zilichomwa, soko likachomwa, hospitali ikapigwa, na maelfu wakajibana kando ya kambi ya MONUSCO. Addis Ababa hakuna aliyetaja mashamba ya Kitshanga. Pigano letu halikuwa kwenye orodha yao.

Mwaka huohuo, Novemba 5, M23 waliondolewa kwenye vilima vya mwisho walivyoshika, Chanzu na Runyonyi. Serikali ilikuwa imesaidiwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kama kuna siku ambayo Kivu ya Kaskazini ilidhani imeipata Poltava yake, ni siku ile. Watu walicheza barabarani. Desemba ahadi ziliandikwa Nairobi. Wapiganaji walikuwa wamevuka kwenda Uganda na Rwanda, na jinsi ya kuwarudisha ikazungumzwa mwaka baada ya mwaka bila kumalizika. Novemba 2021, miaka 8 baadaye, bunduki zililia tena. Wapi? Chanzu na Runyonyi. Vilima vilevile, mwezi uleule.

Yaliyofuata mnayajua kuliko sisi. Juni 2022, Bunagana. Januari 2023, Kitshanga. Oktoba 2023 mji huu ulibadilisha mikono tena. Mwanzoni mwa 2024 vita vilifika vilima vya Sake. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na Februari kambi zilizoizunguka, ambako wengi wa Masisi walikuwa wamekimbilia, zilibomolewa na watu wakaambiwa waende. Machi 2025 mapigano yalifika mji wa Walikale. Kila mara kulikuwa na mtu aliyesema: sasa imekwisha.

Karatasi nayo

Msitusikie vibaya. Hatusemi kwamba silaha hazifai lakini karatasi inatosha. Mmeshuhudia karatasi nyingi zikifa.

Januari 2008, Goma ilipokea mkutano mkubwa wa amani. Zaidi ya wajumbe 1,200 walikuja, na vikundi 22 vya silaha vikatia sahihi. Agosti ya mwaka huohuo vita vilianza tena. Mwaka 2025 serikali za Kongo na Rwanda zilitia sahihi mjini Washington tarehe 27 Juni, na mwezi uliofuata serikali ya Kongo na M23 walitia sahihi maneno ya msingi huko Doha. Desemba 4 marais walikutana Washington. Siku chache baadaye vita viliingia Uvira.

Basi pigano peke yake halimalizi, na sahihi peke yake haimalizi. Karatasi ambayo haijashuka hadi kwenye mpaka wa shamba ni kama mbegu iliyobaki ndani ya gunia. Ni mbegu kweli, lakini haioti.

Kinachokata maneno

Tukitazama mapigano haya yote, tunaona maswali matatu ambayo hayakujibiwa baada ya kila ushindi.

La kwanza: aliyeshindwa anakwenda wapi? Kijana aliyeweka bunduki chini, kama hana jembe, hana mke atakayempokea, wala kijiji kitakachomwita mtoto wake, atarudi kwenye bunduki. Yeye anaijua njia.

La pili: shamba ni la nani? Katika Masisi hili ni jambo la zamani. Tangu wakati wa Wabelgiji ardhi ilichukuliwa kwa mashamba makubwa, watu wakaletwa kufanya kazi, na mamlaka ya wami yakabadilishwa. Baadaye malisho makubwa yakapewa wenye nguvu, na mkulima akabaki na kipande cha mteremko. Mwaka 1993 damu ilimwagika kuanzia soko la Ntoto, Walikale, ikaenea Masisi. Mwaka 1996 waliokimbilia monasteri ya Mokoto, karibu na hapa, waliuawa. Hayo yote yalitokea kabla ya CNDP na kabla ya M23. Kwa hiyo kikundi kimoja kikiondoka, swali la shamba linabaki palepale, likingoja kikundi kingine.

La tatu: aliyekimbia anarudi vipi? Ndugu, hapa tuseme kweli. Wengi wenu mna shamba ambalo mtu mwingine analilima leo. Inauma. Lakini aliye ndani ya nyumba yako, mara nyingi naye ana nyumba nyingine ambamo yumo mtu mwingine. Kila mmoja akimtoa mwenzake kwa nguvu, tutakuwa na mkimbizi mpya kwa kila mkimbizi anayerudi. Mapatano ya 23 Machi 2009 yalikuwa yameliona jambo hili: yaliahidi kamati za kudumu za upatanisho katika kila mahali, za kusaidia watu wanaorudi. Zilichelewa sana, na nyingi hazikupata nguvu. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na halihitaji sahihi ya rais ili lianze katika kijiji.

Wazee wanakumbuka pia Baraza la Makabila ya Kivu ya Kaskazini, lililoanza mwaka 1998. Wazee wa kila kabila waliketi pamoja, wakasikiliza ugomvi, wakaenda kijijini kabla panga halijatoka. Halikuwa na jeshi. Lilifanya kazi miaka kadhaa, mpaka siasa ilipoingia kati na kuligawa, uchaguzi wa 2006 ulipokaribia. Tunajifunza mambo mawili: baraza linawezekana, na baraza hufa likiwa mali ya wanasiasa.

Yaliyo mikononi mwenu

Tunapenda kusema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ni kweli. Lakini methali hii inatusahaulisha jambo moja. Tembo hawa hawana watoto wao mbele. Wanaopanda mlima na bunduki ni watoto wa nyasi. Bila watoto wetu, tembo hapigani.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne.

1. Mtu akija kuomba vijana kwa ajili ya pigano la mwisho, wazazi na viongozi mwulizeni: la mwisho kama Mushake? La mwisho kama Chanzu? Kama ni hatari kuuliza kwa sauti, ulizaneni nyumbani, na kijana asikie. Kwa walio chini ya miaka 18, sheria ya Kongo ya Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kabisa kuwaandikisha. Na mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa kwa kosa la kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Anayewachukua ajue hivyo.

2. Tunzeni kumbukumbu za mashamba wakati bado kuna wanaojua. Kaa na mzee wako, andika: mpaka unaanzia wapi, mfereji gani, mti gani, jiwe gani, na jirani ni nani kila upande. Shahidi mwenye nguvu zaidi ni jirani wa kabila lingine, kwa sababu hakuna atakayesema amekupendelea. Wajane na yatima waandikwe kwa majina yao wenyewe.

3. Viongozi, linda orodha. Orodha ya mgawo ikiwa na majina ya uongo, na jetoni zikiuzwa, watu hawatakuamini siku utakapowaambia: msichukue silaha, tusubiri tuongee. Amani ya kambi inaanzia kwenye kikombe cha unga.

4. Pimeni habari kabla ya kuipeleka. Siku ya soko uvumi unakwenda mbio kuliko chukudu inayoteremka Sake. Chagueni watu wawili au watatu kutoka kila upande, wanaoaminika, ambao wataulizana wao kwa wao kabla watu hawajakimbia au kulipiza. Simu moja kwa wakati inaweza kuokoa kijiji.

Haya ni madogo. Hayatasimamisha majeshi makubwa, na hatutawadanganya kwamba yanaweza. Yanaweza kufanya kitu kingine: siku bunduki zitakaponyamaza, tena zitanyamaza, Kitshanga isiwe na pigano lake lenyewe linalongoja, kama ilivyokuwa siku ile ya tatu baada ya Addis Ababa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

Tunaomba kila kikundi kiwe na wamama, vijana na wazee, na kisiwe cha kabila moja. Msitaje mtu yeyote kwa jina.

– Tangu 1993, familia yako imehama mara ngapi? Mara ngapi mliambiwa kwamba ni mara ya mwisho?
– Katika kijiji chako, ni ugomvi gani wa shamba uliokuwepo kabla ya vita na bado upo?
– Kijana akirudi kutoka porini bila bunduki, nani atampokea? Atalala wapi usiku wa kwanza?
– Kama wewe ungekuwa mshindi, ungemwachia nini jirani yako ili asirudi na kisasi?

Swali hili la nne ni gumu. Tunajua limekaa kooni kwa wengi. Lakini walioketi Nystad walilijibu baada ya miaka 21, na kwa sababu jibu lao lilikuwa nusu, wajukuu wao walirudi vitani. Sisi tumekaa zaidi ya miaka 30. Tusiwaachie wajukuu wetu nusu ya jibu.

Sasa ni zamu yenu kusema, na yetu kusikiliza.